Dola, hatifungani au dhahabu: mfanyabiashara wa Mwanza aweke wapi akiba yake?

Swali hili huja zaidi msimu unapoisha vizuri. Dagaa wameuzwa, deni la mafuta ya mtumbwi limelipwa, na kuna milioni ishirini ambazo hazina kazi kwa mwaka mmoja au miwili. Hapo washauri hawakosekani. Mmoja atasema nunua dola ulale usingizi. Mwingine atasema Serikali inalipa riba nzuri, peleka Benki Kuu. Wa tatu, kwa vile Geita ni hapo ng'ambo tu na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, atasema dhahabu ndiyo mali, mengine ni karatasi.

Msimamo wangu nautanguliza ili usisome ukisubiri. Anayepata shilingi na kutumia shilingi, hatifungani za Serikali (karatasi za kuikopesha Serikali kwa riba) au vipande, yaani hisa ndogondogo, vya mfuko wa uwekezaji vinamfaa kuliko dola. Dola ni ya mtu mwenye ankara ya dola. Dhahabu ni pembeni ya akiba, si akiba yenyewe. Ila msimamo huo una masharti yake, na ili uyaone inabidi tuanzie mbali kidogo na ziwa.

Upepo unakovumia

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba yake kutoka karibu na sifuri, na ilipofika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Sababu ilikuwa ya nyumbani kwao: mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Lakini mwenye fedha akishaweza kupata zaidi ya asilimia 5 kwa kuikopesha serikali ya Marekani, ataipeleka Accra, Cairo au Nairobi ya nini? Fedha zikarudi kwao. Sarafu za nchi nyingi zinazoinukia zikashuka, na kwa kuwa mafuta, ngano na mbolea huuzwa kwa dola, bei za ndani zikapanda hata pale ambapo shamba halikuwa na kosa lolote.

Waliokuwa na madeni makubwa ya dola ndio walioumia kwanza. Sri Lanka ilishindwa kulipa mwaka 2022, na Ghana ikafuata Desemba mwaka huo huo. Nigeria iliiachia naira Juni 2023. Ikatoka chini ya 500 kwa dola hadi karibu 1,500 ilipofika Februari 2024. Misri nayo iliiachia pauni yake Machi 2024, ikaruka kutoka kama 31 hadi karibu 50 ndani ya siku moja.

Tanzania iliguswa kwa njia nyingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wageni wenye hatifungani zetu za shilingi ni wachache, kwa hiyo hapakuwa na kundi kubwa la kufungasha na kukimbia. Sehemu kubwa zaidi ya deni letu la nje inadaiwa na mashirika ya kimataifa kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, si na wawekezaji wa soko ambao hubadili mawazo kwa wiki moja. Kilichotupiga ni manunuzi. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita hadi Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mwaka 2023 na nusu ya kwanza ya 2024 dola zenyewe zikawa adimu. Mwagizaji wa vipuri alikuwa na shilingi zake benki, lakini akiomba dola anaambiwa asubiri, na akipata anapewa kidogokidogo.

Halafu upepo ukageuka. Marekani ilianza kushusha riba Septemba 2024, na kufikia mwisho wa Oktoba 2025 ilikuwa kati ya asilimia 3.75 na 4.00. Nusu ya kwanza ya 2025 dola ilishuka kwa takriban asilimia 10 mbele ya sarafu kubwa za dunia. Benki Kuu ya Tanzania, ambayo Januari 2024 ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu cha sera kwa kuiweka asilimia 5.5, iliipandisha hadi 6 Aprili mwaka huo, kisha ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025.

Weka akilini miaka hiyo miwili: 2023 ya uhaba na 2025 ya nafuu. Kila unachofikiria kununua kinatenda tofauti katika kila mmoja.

Dola na hatifungani, uso kwa uso

Tuanze na aliyenunua dola kwa hofu. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,700. Mtu wa Mwanza mwenye milioni kumi akapata dola 3,700 hivi, akaziweka kwenye akaunti ya fedha za kigeni akijisifu kuwa ameona mbali. Desemba hiyo ilipokwisha dola ilikuwa karibu 2,400. Milioni kumi zake zimekuwa milioni nane na laki tisa, bila kuhesabu kwamba benki hukuuzia kwa bei moja na kununua kwako kwa bei ya chini zaidi, wala makato ya akaunti. Angesubiri hadi Mei 2025 angeona dola imerudi karibu na 2,700, akashangilia kidogo, na baada ya miezi michache imeshuka tena chini ya 2,500.

Mchezo huo si wa ajabu, una msimu wake. Kuanzia kama Julai hadi Desemba dola huingia nchini kwa wingi zaidi: watalii, korosho, tumbaku, pamba. Miezi ya mwanzo wa mwaka zinapungua huku mafuta na bidhaa zikiendelea kuagizwa. Kwa hiyo anayesikia habari za dola kupanda mwezi wa Aprili au Mei, akakimbilia kununua, mara nyingi ananunua kileleni. Wakenya walionunua dola kwa shilingi zao 160 Januari 2024, wakiogopa deni la serikali yao la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni, wanalijua hilo vizuri: Februari serikali yao ilipata dola bilioni 1.5 mpya, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, na katikati ya mwaka dola ilikuwa kama 130.

Sasa mwenzake aliyechukua hatifungani. Mwaka 2022 hatifungani ya miaka 20 ilikuwa na kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ya asilimia 12.10. Kwa milioni ishirini hiyo ni shilingi 2,420,000 kwa mwaka, na inalipwa mara mbili: kila baada ya miezi sita inaingia 1,210,000 kwenye akaunti, na kuponi ya hatifungani ndefu kama hiyo haikatwi kodi ya zuio. Linganisha na dola kwa kipindi kilekile. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama 2,300, na Oktoba 2025 ilikuwa karibu 2,450. Aliyelala na dola kwa karibu miaka minne amepata kama asilimia 6 au 7 kwa jumla yake. Mwenye hatifungani amepokea kuponi za zaidi ya asilimia 40, na mfumuko wa bei wetu katika miaka hiyo haukuvuka asilimia 5 kwa mwaka.

Ukiishia hapo utadhani nimeshamaliza kesi. Bado, kwa sababu hatifungani ina mlango wake wa hasara nao si mdogo. Riba za soko zikipanda baada ya wewe kununua, karatasi yako ya zamani inashuka thamani. Chukua ileile ya asilimia 12.10. Wanunuzi wakitaka faida ya asilimia 15, bei yake inashuka hadi kama shilingi 82 kwa kila 100. Ukishika mpaka mwisho hutapoteza, utalipwa 100 yako kamili. Lakini kama mtoto ameugua, au mtumbwi umezama na injini imekwenda nao, na ukalazimika kuuza siku hiyo, milioni ishirini zako ni milioni kumi na sita na kitu, na dalali naye ana chake. Tena kuuza kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam si jambo la asubuhi na jioni. Kunategemea dalali wako kumpata mnunuzi.

Kuponi zenyewe hucheza pia. Ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ilikuwa asilimia 15.95. Aprili 2022 ikashushwa hadi 12.56, na ya miaka 20 ikatoka 15.49 hadi 12.10. Aliyenunua mwaka 2021 anakula kuponi ya zamani hadi leo na hana habari na mtu. Ndiyo maana nasema mwenye nia ya kushika muda mrefu achukue wakati riba ziko juu, asisubiri zishuke ndipo aamini. Riba zikishuka duniani na hapa nyumbani, kuponi za mnada unaofuata wa Benki Kuu nazo huwa na mwelekeo wa kushuka, na hatifungani za zamani zinapanda bei.

Na kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Ghana, walioumia hawakuwa wakopeshaji wa nje peke yao. Wananchi waliokuwa na hatifungani za cedi, sarafu yao wenyewe, walitakiwa wazibadilishe kwa mpya zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Februari 2023 wastaafu walikwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra kudai akiba zao za uzeeni. Tanzania haiko katika hali ya Ghana: akiba yetu ya fedha za kigeni imekuwa ikitosheleza uagizaji wa zaidi ya miezi minne, na Moody's, wapimaji wa uwezo wa nchi kulipa madeni, walitupandisha hadi B1 Machi 2024. Lakini B1 bado ni daraja la chini ya kiwango cha uwekezaji salama. Anayekwambia karatasi ya Serikali haina hatari hata chembe, muulize habari za Accra.

Dola nayo ina mwaka wake wa kung'ara, nisiinyime haki yake. Mwaka 2015, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kupandisha riba, shilingi ilianza mwaka ikiwa kama 1,700 kwa dola na ikamaliza zaidi ya 2,100. Hakuna kuponi iliyolipa hivyo mwaka ule. Ukiwa na uhakika wa kuutambua mwaka kama huo kabla haujafika, nunua dola. Mimi sina uhakika huo, na wengi ninaowaona wakinunua wanasukumwa na habari iliyokwishapita.

Mwenye ankara ya dola ni kesi nyingine

Hapa hesabu inageuka kabisa. Fikiria mtu wa Makoroboi anayeagiza simu na vifaa vyake kutoka Guangzhou, au mwenye belo za mitumba Mlango Mmoja, au anayeleta injini za mitumbwi. Ankara inayofuata itakuja kwa dola, apende asipende. Kwake dola si uwekezaji, ni bidhaa iliyonunuliwa mapema. Dola ikishuka amepoteza kwenye akaunti lakini mzigo unaofuata ni nafuu kwa shilingi, ikipanda, amejikinga. Mambo yanafidiana.

Mtu huyu ninamshauri anunue kidogokidogo miezi ya Septemba hadi Desemba, aweke za mzigo mmoja au miwili, asizidishe. Mwaka 2023 waliokuwa na akaunti ya dola yenye kitu ndani ndio waliopakia kontena wakati wengine wanasubiri foleni ya benki. Huo ndio utamu wa dola: kuwa nayo siku haipo. Ila afahamu kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Akaunti ya dola ni halali, lakini pango la duka na karo ya shule atalipa kwa shilingi. Ile hoja ya zamani kwamba "mwenye nyumba anataka dola" imekwisha.

Vipi yule anayepata kipato kinachofuata dola bila kuishika? Hao ziwani ni wengi. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya, mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yanakwenda China na Hong Kong, kwa hiyo bei unayopewa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, inabeba ndani yake bei ya huko. Uchumi wa China ukipoa, mnunuzi wa bondo anapunguza bei kwa kilo hata kama samaki ni walewale na mizani ni ileile. Mtu wa namna hii, kipato chake tayari kimefungwa na dunia. Akiweka na akiba yake kwenye dola au dhahabu, ameegemea ukuta mmoja. Kwake hatifungani ya shilingi ni njia ya kutawanya, na hili wengi hawalifikirii kabisa.

Dhahabu, jirani yetu

Dhahabu haina riba. Haikulipi kitu kila miezi sita, unangoja bei tu. Na bei kweli imekimbia: wakia moja, yaani gramu 31.1, ilikuwa kama dola 2,600 mwisho wa 2024, ikavuka 3,000 Machi 2025 na 4,000 Oktoba. Benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Huo wa 2022 ndio mwaka ambao akiba za Urusi za takriban dola bilioni 300 zilizuiwa nchi za nje na wengine wakajiuliza kama zamu yao inaweza kufika. Benki Kuu yetu nayo imo: tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa hapa nchini, na mojawapo ya viwanda vya kusafisha kiko hapa Mwanza, kilizinduliwa Juni 2021.

Kwa hiyo ukiwa na shilingi, tayari unafaidi dhahabu kwa mlango wa nyuma, maana dhahabu ikipanda dola zinaingia na shilingi inapata nguvu. Hilo ni sehemu ya maelezo ya kwa nini dola ilishuka nusu ya pili ya 2025.

Lakini tazama na upande wa pili. Septemba 2011 wakia ilifika karibu dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa kama 1,050. Aliyenunua kileleni alingoja hadi 2020 kurudisha fedha yake, na katika miaka tisa hiyo hakupokea hata senti ya riba. Kununua baada ya bei kupanda kwa nusu ndani ya mwaka mmoja ni kujiweka mahali pa yule wa 2011, labda, labda sivyo.

Tena kuna suala la mkono. Dhahabu ghafi usiiguse: kuinunua bila leseni ya madini ni kosa, na anayekuletea kipande kwenye leso jioni akisema kimetoka machimboni anakuuzia ama shaba ama kesi. Njia iliyo wazi kwa mtu wa kawaida ni kwa sonara mwenye duka na risiti. Uliza karati: ya 18 ina dhahabu asilimia 75 tu. Siku ya kununua unalipia na ufundi; siku ya kuuza atapima uzito na karati, ufundi hahesabu. Ukiwa umevaa kwenye harusi tatu basi sawa, umeshaila faida yako huko. Kama uwekezaji mtupu, pengo hilo ni kubwa kuliko la dola.

Vingine, kwa kifupi

Vipande vya UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ni nusu njia nzuri kwa asiyetaka kufunga fedha miaka 20. Mfuko wa Hatifungani unaanzia shilingi 50,000, Mfuko wa Ukwasi laki moja, na ukitaka fedha yako huingoji mnunuzi kama hatifungani. Utapata pungufu kidogo ya mwenye hatifungani mwenyewe, lakini siku ya dharura hutauza kwa 82. Kiwanja Buswelu au Kisesa sikipingi, ila hakiuziki Jumatatu, na milioni ishirini haikupi nafasi ya kuchagua sana.

Ningegawa hivi

Mama mmoja wa dagaa wa Kirumba aliniuliza, "Mwanangu, si uniambie kimoja tu?" Kwake sikumpa kimoja. Anauza kwa shilingi, ananunua chumvi, magunia na mafuta kwa shilingi, na wakati wowote anaweza kuhitaji mtaji. Milioni sita Mfuko wa Ukwasi, hiyo ndiyo ya dharura. Milioni kumi na tatu hatifungani, na kwa umri wake si ya miaka 25, bali ya miaka 5 au 10, hata kama kuponi ni ndogo kidogo. Moja iliyobaki alitaka bangili. Nikamwambia sawa, adai risiti yenye karati na uzito.

Kijana anayeagiza simu: nusu dola, zikinunuliwa kwa mafungu kabla ya Januari, nusu Mfuko wa Ukwasi. Hatifungani ndefu hazimfai, mtaji wake lazima uzunguke. Mwalimu au mtumishi mwenye mshahara na miaka kumi na mitano mbele ya kustaafu ndiye hasa wa hatifungani ya miaka 20, tena asiiguse. Anahitaji akaunti ya uwekezaji kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na kianzio ni shilingi milioni moja. Aulize kamisheni kabla ya kusaini, maana hazilingani.

Na mwenye mkopo wa benki wa asilimia 15 au zaidi asome yote haya kama burudani. Kila shilingi anayoipeleka kupunguza mkopo huo inamwokolea kiasi kilekile ambacho mnada wa hatifungani humpa mtu mwaka mzuri kabisa, na haisubiri miaka 20.